Kikono cha Breki Chini ya Ulinzi

Jina la nchi hii silitaji. Siogopi, ila ni refu, na kila serikali inayoingia huongeza neno lake. Mara ya mwisho nilipolisikia lote redioni, chai yangu ilipoa. Itoshe kusema kwamba nusu ya nchi iko juu mlimani na nusu iko bondeni, na watu wake ni wakarimu kupita kiasi. Ukarimu huo nusura umuue mwanangu Lubango. Nitausimulia polepole, maana mambo ya serikali ukiyakimbiza yanajikwaa.

Kwanza mjue habari ya viti. Kwetu cheo cha mtu hujulikana kwa kiti chake. Karani hukalia ubao mtupu. Akipanda cheo huwekewa sponji. Mkuu wa idara ana sponji na mahali pa kuegemeza mikono, mkurugenzi ana velveti, na waziri huzama kitini hadi ukaona miwani tu, sauti yake ikitoka huko chini kama ya mtu aliye kisimani. Iko Kamati ya Taifa ya Viti inayopima unene wa sponji ya kila ofisi. Mkuu wake ni Bwana Kisusi, mtu mpole sana, ambaye hubeba futi ya kupimia kiunoni, mahali ambapo askari hubeba bastola.

Tena sheria inasema kiti cha serikali kisikae uchi. Lazima kiwe na kitambaa cha kufuma, cheupe kwa mkurugenzi, cha maua kwa waziri. Vitambaa hivyo tunavifuma sisi, kikundi cha akina mama, na mimi ndiye kiongozi wao. Ndiyo maana niliyaona haya yote kwa macho yangu.

*

Mlima wetu una mteremko mkali. Ndizi zote zinazoliwa bondeni zimeshuka juu ya vichwa vya wanawake, na ndiyo sababu wanawake wa kwetu tuna shingo fupi. Serikali ikaona huruma, ikaleta treni. Injini ilitoka ng'ambo, mabehewa yalitoka ng'ambo, reli zilitoka ng'ambo. Lakini Waziri wa Viwanda, Reli na Furaha, Mheshimiwa Barongo, akasema taifa lenye heshima haliwezi kukosa kitu chake hata kimoja ndani ya treni yake. Akachagua kitu kimoja kitengenezwe nyumbani. Akachagua kikono cha breki.

Kikono chenyewe ni chuma chenye urefu kama paja la mbuzi. Kinakaa chini ya behewa la mbele na kushikilia breki. Kikikatika, breki inaanguka njiani, na treni inaendelea na safari bila hiyo. Kwa nini Mheshimiwa hakuchagua kengele, au pazia, mimi sijui. Sikusoma mambo ya reli.

Kiwanda kikajengwa haraka. Kilianza na bango. Lilikuwa na herufi za chuma, kila moja ndefu kama mlango wa nyumba, zikisomeka KIWANDA CHA KISASA CHA MHESHIMIWA DAKTARI BARONGO. Chuma kilichobaki baada ya herufi ndicho kilichotengeneza kikono. Basi kikatoka chembamba kidogo, lakini nacho kilipigwa mhuri wa jina la Mheshimiwa, na mhuri ulikaa vizuri sana.

Dereva aliyeteuliwa ni mwanangu wa mwisho, Lubango. Ni mtu wa taratibu. Akila samaki humaliza baada ya watu wote, na miba anaipanga pembeni ya sahani, mikubwa kwa midogo. Nilifurahi alipoteuliwa. Nilimfulia sare mara tatu kabla hajaivaa.

*

Sasa kitu cha reli hakifungwi hivihivi. Sharti kitikiswe kwanza. Iko Taasisi ya Mitikisiko, na ndani yake iko meza ya chuma inayotetemeka kwa umeme, pole, kasi, kasi zaidi, kama barabara zote mbovu za nchi zimewekwa mahali pamoja. Kitu kinafungwa juu yake, kinatikiswa kwa muda uliopangwa, na kikitoka salama kinapewa kibali.

Mhandisi wa taasisi anaitwa Siwema, binti aliyesoma ng'ambo akarudi, jambo ambalo wengi walimwonea huruma. Nilipokwenda kupima meza ile kwa ajili ya kitambaa, nilimkuta akigongagonga tofali la chuma kwa nyundo ndogo na kutega sikio, kama mtu anayechagua chungu sokoni.

"Hicho nacho ni nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Kishikio, bibi. Ndicho kinachokishika kikono juu ya meza."

Kilikuwa kifupi na kinene, kimechomelewa mbavu za chuma kila upande, kina matundu ya bolti nane. Kwa sura, nisiwafiche, kilikuwa kibaya.

"Mbona umekifanya kama gunzi la mahindi? Hukupata fundi?"

Akacheka. "Bibi, ulishawahi kukuna nazi kwenye mbuzi yenye mguu mbovu?"

"Hee! Unatikisika wewe, nazi imetulia."

"Basi ndiyo hivyo. Kishikio kikilegea, naona mchezo wake chenyewe, wa kikono siuoni. Kishikio kiwe kigumu kuliko kitu kinachoshikwa. Meza ikisema neno, kishikio kilifikishe vilevile kwa kikono, kisiongeze wala kisipunguze."

"Kama mjumbe wa posa."

"Mjumbe mwaminifu, bibi. Asiyepamba."

Nikamwambia wajumbe wa namna hiyo kwetu hawapati kazi. Nilisema kwa utani tu.

*

Wiki ile Bwana Kisusi akaja na kamati yake kukagua taasisi, kwa kuwa Mheshimiwa angekuja kushuhudia jaribio na televisheni ingekuwepo. Akakizunguka kile kishikio. Akakipima kwa futi. Akabonyeza kwa kidole, kidole kikarudi.

"Mhandisi," akasema kwa upole, "nani atakaa hapa?"

"Kikono cha breki."

"Kile chenye jina la Mheshimiwa?"

"Ndicho."

"Mzaliwa wa kwanza wa viwanda vyetu. Mgeni wa taifa." Akavua miwani, akaifuta. "Na wewe unataka mgeni akae juu ya chuma kitupu, afungwe bolti nane, mbele ya Mheshimiwa aliyekaa kwenye velveti?"

"Bwana Kisusi, hiki si kiti."

"Kitu kinachokaliwa ni kiti. Tafadhali usinifundishe kazi."

"Lakini kikiwekewa sponji, sponji itameza mtikisiko."

"Ehee," akasema Bwana Kisusi, na uso wake ukang'aa. "Sasa tumeelewana."

Kamati ikatengeneza kishikio kipya. Nacho kilikuwa kizuri, jamani, lazima niseme. Kilikuwa na miguu mirefu myembamba iliyochongwa kama shingo ya bata, kwa kuwa mgeni wa taifa hakai chini. Kilikuwa na sponji unene wa shibiri mbili, velveti ya rangi ya zambarau, na mikono ya kuegemea, ingawa kikono hakina mikono. Sisi akina mama tukafuma kitambaa cha maua ya njano na majani yake. Nikapewa cheo cha Mtunza Vitambaa wa Taasisi, na ubao wa kukalia.

Kile cha Siwema kilitupwa uani. Nilikuwa nakitumia kukandamizia vitambaa vilivyofuliwa, visipeperuke.

*

Siku ya jaribio kulikuwa na bendi. Mheshimiwa Barongo alihutubia kutoka ndani ya kiti chake. Tulisikia neno "mapinduzi", tukasikia "chuma", mengine yalibaki kwenye sponji. Kikono kikalazwa kwenye velveti, kikafungwa kwa utepe wa rangi za bendera.

Siwema akawasha meza. Ikanguruma. Vioo vya madirisha vikalia, vikombe vikatembea mezani, meno ya mpiga tarumbeta yakagongana. Lakini kikono, wapi. Kilitulia kama mtoto aliyeshiba mgongoni mwa mama yake.

"Mnaona!" Mheshimiwa akasema. "Chuma cha nyumbani hakitishiki."

Kulitokea kasoro moja tu. Siwema alipopunguza mwendo, ile miguu ya shingo ya bata ikaanza kuyumba yenyewe, huku na huku, zaidi hata ya meza, na kikono kikarushwa hadi mapajani mwa Bwana Kisusi. Bwana Kisusi akatangaza kwamba kimeshukuru. Watu wakapiga makofi, na kibali kikatolewa.

Sifa zikaenea. Kila mwenye kitu chake alikileta kwenye kishikio cha velveti, na kila kitu kilifaulu. Dawati la shule lenye miguu mitatu lilifaulu. Chungu chenye ufa kilifaulu. Jirani yangu alileta yai, likafaulu, akaenda nalo nyumbani na kibali chake, likavunjikia mlangoni. Taasisi ikapewa kombe.

*

Siwema alikuja kwangu nikiwa nachambua mchele. Lubango naye alikuwepo, anakula. Binti alikataa chai, nikajua kuna jambo.

"Kaka Lubango," akasema, "siku ya uzinduzi usiendeshe."

"Kikono ni kibovu?"

"Sijasema ni kibovu. Nasema hatujui. Meza ilitikisika, sponji ikala yote. Hakuna kilichofika kwa kikono. Tumejaribu godoro."

Lubango akatoa mwiba mdomoni, akauweka kwenye mstari wake. "Nisipoendesha mimi wataweka mtu mwingine. Behewa la mbele litakuwa na Mheshimiwa, na nyuma yake mabehewa mawili ya wanawake wenye ndizi. Wewe unataka nini hasa?"

"Nataka nikijaribu tena kwenye kishikio changu. Kabla ya uzinduzi."

"Si uombe?"

"Nimeomba. Bwana Kisusi anasema mgeni wa taifa hawezi kukaa kwenye chuma."

Mimi nikawa nawaza mteremko ule, na kona ya chini kabisa, pale penye korongo. Mchele uliniponyoka ukaingia kwenye makapi.

Lubango akanawa mikono, akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Nani kwetu anakaa kwenye chuma kitupu?" akauliza.

"Wafungwa," nikasema. "Na washukiwa."

Siwema akanitazama, akamtazama Lubango. Halafu akainywa ile chai.

*

Kituo cha polisi kiko karibu na stesheni, njia ya reli inapita mbele yake kabisa. Inspekta Ngwale ni mtu mwenye bidii. Katika maisha yake ya kazi hajawahi kupata mshukiwa asiyekiri.

"Inspekta," Siwema akamwambia, "nina wasiwasi na kikono cha breki."

"Kimefanya nini?"

"Bado. Lakini siku ya uzinduzi kitakuwa chini ya kiti cha Mheshimiwa, kabisa. Hakuna anayejua kina nini moyoni."

Inspekta akafunga mlango. "Kimesema chochote?"

"Hakijasema neno."

"Hao ndio wabaya."

Mchana huohuo kikono kikakamatwa. Bwana Kisusi alikimbilia taasisi na futi yake, akapinga kwa adabu, akiuliza mgeni atakaa wapi. Inspekta akamwambia si mgeni tena. Bwana Kisusi akafikiri, akakubali kwamba washukiwa hawako kwenye ratiba ya sponji, akatoa kitambaa changu cha maua yeye mwenyewe, akakikunja vizuri na kunirudishia.

Askari wanne wakabeba kishikio cha Siwema kutoka uani. Wakakifunga mezani, wakafunga kikono juu yake.

"Bolti ngapi?" Inspekta akauliza.

"Nane."

"Hakuna za kuongeza?"

Siwema akasema nane zinatosha, ila zikazwe sana. Ombi hilo askari walilipenda. Akakigonga kishikio kwa nyundo yake ndogo, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akawasha.

Safari hii vioo havikulia peke yao. Kikono kilianza kuimba. Kwanza sauti nyembamba kama mbu, kisha kama nyuki, na kabla muda uliopangwa haujafika hata nusu, *tap*. Siwema akazima. Karibu na mhuri, ufa ulikuwa umekwenda kutoka ukingo hadi ukingo.

Lubango alikuwa amesimama karibu yangu. Alinishika bega, na mkono wake ulikuwa baridi.

"Kimekiri," Inspekta akasema kwa fahari. "Sasa tujue nani amekituma." Akainama kusoma mhuri. Akasoma jina, akasimama wima, akakipigia saluti.

*

Mheshimiwa Barongo aliletewa habari akiwa kitini. Miwani ilionekana, kisha pua, kisha Mheshimiwa mzima akainuka. Kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kuona urefu wake.

"Uzinduzi hauahirishwi," akasema. "Wananchi wanataka treni. Ila mimi si mbinafsi. Nitawaachia wananchi watangulie. Mimi nitashuka kwa gari, nyuma."

"Mheshimiwa," Lubango akasema, kofia mkononi, "mimi ni mtumishi, nitaendesha. Lakini tiketi ya kiti cha mbele imeshatangazwa redioni kwa jina lako. Mama yangu amekifumia kitambaa."

"Cha maua," nikasema. "Yenye majani."

"Watu watauliza kwa nini kiti kiko wazi," Siwema akaongeza, "na mimi nikiulizwa hujibu. Ni tabia mbaya niliyoipata ng'ambo."

Mheshimiwa akatazama dirishani. Kule ng'ambo ya barabara bango la kiwanda lilikuwa likimeremeta.

"Kikono kinene kinahitaji chuma kiasi gani?"

"Kidogo tu, Mheshimiwa," Siwema akasema. "Daktari itatosha."

Wakapanda ngazi, wakaling'oa neno DAKTARI, wakaliyeyusha. Nasikia ndiyo mara ya kwanza kwa shahada ile kutumika kwenye kazi ya uhandisi.

*

Kikono kipya kilitoka kinene, bila mhuri. Kikakamatwa kikiwa bado na joto. Kikafungwa bolti nane, kikatikiswa pole, kasi, kasi zaidi, muda wote uliopangwa hadi ukaisha. Hakikuimba. Siwema akakipitishia kidole na taa, akakigeuza, akacheka peke yake.

"Kizima," akasema, akazima meza.

"Washa," Inspekta akasema. "Hakijakiri."

"Afande, hakina kosa. Ndiyo maana ya jaribio."

"Endelea kukitikisa."

"Nikitikisa kitu chochote bila kukoma kitavunjika, afande. Hata kisicho na kosa."

"Ndiyo maana kazi yetu haina makosa, dada."

Siwema akachomoa waya wa umeme ukutani, akaukalia. Walibishana hadi jua likazama. Inspekta alikubali mwishowe kwamba hatakitikisa tena, lakini kukiachia hawezi. Si kwamba hataki. Hakukuwa na utaratibu. Tangu kituo kijengwe hakuna aliyeachiwa, na hakuna aliyejua mlango unafunguliwa upande gani.

Basi kikono kizuri pekee cha nchi nzima kikalala rumande, na uzinduzi ni kesho. Kile chenye ufa kilikuwa huru, kwa sababu ya jina lake, na fundi wa reli alikuwa ameshaambiwa afunge chochote kilichopo.

Asubuhi nilijifunga khanga mbili, nikaenda kituoni.

"Shikamoo, mama," Inspekta akasema.

"Marahaba. Nimekuja kumdhamini."

"Nani?"

"Huyo chuma."

Akakuna kidevu. Dhamana anaijua, iko kwenye sheria, ila haijawahi kuombwa na mtu aliyekuwa mtulivu. "Wewe ni nani wake?"

"Mwanangu atakuwa juu yake kila siku, anashuka nacho mlima. Sasa hapo mimi si mzazi?"

Inspekta alifikiri kwa muda mrefu. Nikatoa maandazi. Akafikiri huku anakula.

"Akitoroka, mama, unaingia wewe."

"Niingie."

"Asitoke nje ya nchi. Asikutane na washukiwa wenzake. Na kila Jumatatu aripoti hapa kituoni, yeye mwenyewe, asitume mtu."

Nikaweka dole gumba. Nikakibeba kikono kwa khanga ya pili mpaka stesheni, fundi akakifunga mahali pa kile chenye ufa. Ni kizito, mgongo ulinikumbusha wiki nzima.

*

Treni ikashuka. Mheshimiwa alikaa mbele, kwenye velveti, macho ameyafumba. Nyuma wanawake waliimba, ndizi zikiwa mapajani. Mimi nilibaki juu kwenye jukwaa, sikuweza kupanda. Nilisikiliza. Kwenye kona ya chini, pale penye korongo, breki zikalia kwa sauti ndefu, na mimi nikashika nguzo. Kisha honi. Lubango aliniahidi atapiga honi mara moja akifika. Alipiga tatu.

Kuanzia hapo, kila Jumatatu treni yetu inasimama mbele ya kituo cha polisi. Abiria wanajua, wanashuka kununua karanga. Inspekta Ngwale anatoka na tochi, anajilaza chini ya behewa na sare yake, anakihesabu kikono, anakimulika ncha hadi ncha kama kina alama mpya mwilini, anakigonga kwa rungu na kusikiliza kama kinaficha kitu. Siku moja alikuta nati imelegea. Akaiandikia kosa la kujaribu kutoroka, ikakazwa palepale mbele ya mashahidi.

Wageni kutoka nchi jirani, ambao treni zao huanguka mara kwa mara, walikuja kuuliza nani anakagua breki zetu. Wizara ikawajibu kwamba kwetu hakuna anayekagua breki, haikuonekana haja. Wakaandika hivyo, wakaondoka.

Mimi dhamana yangu bado ipo. Nimeambiwa naweza kuomba ifutwe. Sijaomba, wala Jumatatu sipitwi. Namletea Inspekta maandazi, namshikia kofia anapojilaza chini, na Lubango akichungulia dirishani kuharakisha safari, mama yake namwambia atulie, afande hajamaliza.